Pauni 80 za mashindano ya karata: Pokémon, Yu-Gi-Oh! au Magic ya Pauper?

Mtoto_wa_Pongwe (Manchester)

Habari za jioni wakuu. Nasoma huku Manchester na kazi yangu ni ya wikendi tu. Nikishalipa kodi na nauli nabakiwa na pauni 80 za kutumia kwenye karata mpaka mwisho wa Machi. Hapo viingilio vimo, kava za karata zimo, kila kitu kimo. Siongezi hata senti.

Sikusanyi karata, nataka kushindana. Duka lililo karibu na chuo lina Pokémon Jumanne, Yu-Gi-Oh! Alhamisi, na Ijumaa Magic kwa mtindo wa Pauper. Kiingilio ni pauni 5 kila siku moja ya mchezo.

Kosa moja nimeshalifanya, naliweka wazi ili msipoteze muda kunionya: mwezi uliopita nilinunua pakiti kumi za Pokémon. Nikazifungua usiku mmoja, nikapata karata mia na kitu, na zilizofaa kuingia kwenye deki (fungu la karata la kuchezea) ya mashindano hazikuzidi nne. Zilizobaki zote magarasa. Pauni arobaini zilikwenda hivyo.

Mnaocheza, nisaidieni: kwa fedha hiyo, mchezo upi utanifikisha mbali, na upi hautanirudisha dukani baada ya miezi miwili?

Babu_Turufu (Toronto)

Pole mdogo wangu. Ulichofanya wengi tumekifanya. Pakiti ni bahati nasibu, na anayetaka kushindana ananunua karata moja moja kwa jina. Kuna masoko ya mtandaoni: huko Ulaya wengi hutumia Cardmarket, huku kwetu TCGplayer. Unaandika orodha, unalipia unachohitaji, basi.

Mimi ni mtu wa Yu-Gi-Oh! tangu Kiingereza chake kilipotoka mwaka 2002, kwa hiyo nitasema ya huko. Njia ya mnyonge inajulikana: unachagua Structure Deck moja nzuri, yaani sanduku la deki iliyokwisha pangwa, na kununua tatu zilezile. Sheria inaruhusu nakala tatu za karata moja, kwa hiyo sanduku tatu zinakupa uti wa mgongo wa deki ya karata 40. Na huku hakuna karata kuisha muda wake. Ya mwaka 2002 bado ni halali leo isipokuwa iwe kwenye orodha ya zilizopigwa marufuku.

Lakini sitakudanganya kwa sababu naupenda mchezo. Sanduku tatu hazitoshi. Kuna deki ya ziada ya karata 15, na kuna zile karata za kumkatiza mpinzani akiwa kwenye zamu yake, kama Ash Blossom. Hiyo imechapwa tena na tena mpaka bei yake ikashuka, ila zipo nyingine ambazo nakala tatu tu zinakula nusu ya bajeti yako. Halafu deki za mwaka huu zina nguvu kuliko za mwaka jana. Karata yako itabaki halali, lakini haitashinda.

Jambo jingine, nililipia kujifunza: usivutwe na karata za Kijapani kwa kuwa ni rahisi. Niliagiza deki nzima, nikafika kwenye mashindano, mwamuzi akaniambia kwa upole kwamba za Kijapani hazikubaliwi kwenye mashindano ya upande wetu. Nilirudi nyumbani bila kucheza hata raundi moja.

MamaWawili (Columbus, Ohio)

Mdogo wangu, kwa fedha hiyo mimi ningebaki na Pokémon. Nina vijana wawili, mmoja anacheza kundi la Junior na mwingine Senior, na mimi mwenyewe nimejikuta Masters, kundi la wakubwa, kwa sababu nilichoka kukaa kwenye kiti nikiwasubiri.

Nunua League Battle Deck moja. Ni karata 60 zilizokwisha pangwa, unaitoa kwenye sanduku na kukaa mezani siku hiyohiyo. Mwanangu mkubwa alianza nayo bila kubadili kitu na akashinda raundi mbili kati ya nne. Tukaongeza karata sita au saba za moja moja, ikawa deki ya kuheshimika. Na nyumbani unafanya mazoezi bure kwenye Pokémon TCG Live, programu ya mchezo huo.

Sasa ubaya wake. Kwenye Standard, mtindo wa kawaida wa mashindano, karata huondolewa kila mwaka. Angalia pembe ya chini kushoto, kuna herufi ndogo. Aprili 2025 zenye F ziliondolewa, na mwaka uliotangulia ziliondolewa zenye E. Mwanangu mdogo alilia, kwa sababu deki aliyoizoea ilivunjika wiki moja baada ya sikukuu yake ya kuzaliwa.

Ila si kila chenye herufi ya zamani unatupa. Karata ikichapwa upya kwa jina lilelile na kazi ileile, ikiwa na herufi inayokubaliwa, nakala yako ya zamani inarudi kuwa halali. Ndivyo Ultra Ball zetu zilivyookoka. Kabla ya kununua chochote upya, pitia kwanza hizo mia ulizonazo. Huenda baadhi si magarasa.

KopaKumi (Leicester)

Pauper. Nakueleza kwa nini, na naomba univumilie maana hili jambo liko moyoni.

Pauper ni Magic yenye sharti moja tu: kila karata kwenye deki iwe imewahi kutoka katika daraja la chini kabisa, zile zinazojaa kwenye kila pakiti. Wizards of the Coast, watengenezaji wa Magic, waliufanya mtindo rasmi wa mezani mwaka 2019, lakini watu walikuwa wanaucheza zamani. Utasema daraja la chini ni udhaifu. Hapana. Lightning Bolt imo, ile ya mwaka 1993: unalipia kwa mlima mmoja (karata ya ardhi ya rangi nyekundu) na mpinzani anapata madhara 3. Counterspell, ya kuzuia karata ya mpinzani, imo. Hizo ni karata ambazo watu wa mitindo ya gharama wangefurahi kuwa nazo mkononi.

Deki yangu nyekundu ilinigharimu chini ya pauni 50, karata 60 pamoja na 15 za akiba za kubadilishia kati ya michezo, na milima nilipewa bure kwa sababu kila duka lina maboksi ya milima. Nimeicheza miaka mitatu. Orodha ya zilizokatazwa hubadilika mara kwa mara, mwezi mmoja nikalazimika kutoa karata nne na kuweka nyingine, nikatumia pauni 3. Gharama za ukarabati ndizo hizo.

Wenzangu wamesema kweli kuhusu michezo yao. Lakini wewe umeuliza kipi hakitakurudisha dukani. Pokémon itakurudisha Aprili. Yu-Gi-Oh! itakurudisha siku utakapochoka kufungwa.

Mtoto_wa_Pongwe

Asante sana kaka KopaKumi, na shikamoo Babu. Hofu yangu ni moja: nilichungulia Ijumaa, wengi ni watu wazima wanaocheza tangu sijazaliwa. Sijui hata karata za ardhi zinalazwaje mezani kulipia nyingine. Nitafungwa mpaka lini?

Shupaza (Nairobi)

Ndugu, jifunze kabla hujalipa. Sisi hapa tuko wachache, hatuna duka la kila wiki, tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu Jumapili. Tunachapisha karata kwenye karatasi ya kawaida, tunakata, tunatia ndani ya kava mbele ya garasa ili ziwe ngumu na zichangwe vizuri. Wiki tatu unacheza na makaratasi. Deki ikikushinda, hujapoteza kitu. Ikikukubali, ndipo unanunua. Lakini hayo ni ya nyumbani tu. Kwenye mashindano rasmi makaratasi hayaruhusiwi, na usijaribu kuyapenyeza.

Kununua tunafanya kama chama. Kila mtu anatoa orodha yake, tunachanga, tunaagiza mzigo mmoja, na mara nyingi kuna mtu anayerudi nyumbani anaubeba kwenye begi. Mtu akiagiza peke yake, posta inazidi bei ya karata. Wewe uko huko karibu, lakini hata hapo tafuta muuzaji mmoja mwenye karata zako nyingi. Ukinunua kwa watu kumi utalipa posta mara kumi.

Lulu_wa_Bagamoyo (Muscat)

Hamjataja uzinduzi. Wiki moja kabla seti mpya ya Magic haijaanza kuuzwa, unalipa kiingilio, unapewa pakiti 6, unajenga deki ya karata 40 palepale. Mkongwe na mgeni wanaanza sawa. Kwa mtu mwenye hofu kama huyu si ndiyo dawa?

KopaKumi

Dada Lulu, ni siku nzuri sana na mimi siikosi. Ila kiingilio cha uzinduzi mmoja hapa ni zaidi ya nusu ya deki ya Pauper, na kesho yake deki hiyo huwezi kuipeleka Ijumaa. Kwa pauni 80 ataenda mara mbili au tatu, basi.

Babu_Turufu

Nakubaliana na KopaKumi, ingawa roho inauma. Mambo mawili tu kabla hajanunua. Kwanza kava: za Magic na Pokémon ni za karata ya milimita 63 kwa 88, za kwetu Yu-Gi-Oh! ni ndogo, 59 kwa 86. Usichanganye. Na ununue mpya zote pamoja, za kutosha 75 na za akiba, kwa sababu kava moja ikiwa na kona iliyokunjika, mwamuzi anaweza kukuadhibu kwa karata yenye alama hata kama hukukusudia.

Pili, bandia. Karata ya Magic ukiitazama mgongoni kwa kioo cha kukuzia, kwenye kile kitone cha kijani kuna vidoa vinne vyekundu vilivyopangwa kama herufi L. Visipokuwepo, rudisha.

Mtoto_wa_Pongwe

Wakuu, narudi na majibu baada ya miezi miwili.

Nilichapisha makaratasi kama alivyosema Shupaza, nikacheza na mwenzangu wa chumba siku kumi na tano, nyekundu dhidi ya bluu, mpaka nikaacha kusoma kila karata. Kisha nikanunua. Deki pauni 41 pamoja na posta, kutoka kwa wauzaji wawili. Kava pauni 8. Zikabaki 31, yaani Ijumaa sita.

Ijumaa ya kwanza nilishinda moja, nikafungwa tatu. Ya pili mbili kwa mbili. Wale watu wazima niliowaogopa ndio walionifundisha: mmoja alinifunga, kisha akakaa dakika kumi akinionyesha nilipokosea, akanipa na milima minne yenye picha nzuri.

Juzi, Ijumaa ya sita, raundi ya mwisho, mchezo wa tatu. Mpinzani ana bluu, amebakiwa na uhai 3. Mimi nina karata mbili mkononi na milima miwili imesimama, haijatumika. Yeye ana kisiwa (ardhi ya bluu) kimoja tu kilichosimama. Zamani ningesema kisiwa kimoja hakitoshi Counterspell, inahitaji viwili, nikatupa Lightning Bolt haraka. Lakini nilikumbuka kwamba kwenye akiba watu wa bluu huweka Hydroblast, kisiwa kimoja tu, inaua kitu chekundu. Nikalaza mlima mmoja, nikaweka Bolt. Akatabasamu, akalaza kisiwa, Hydroblast. Nikalaza mlima wa pili, Pyroblast juu yake, nayo inaua kitu cha bluu. Akaitazama kwa muda, akanyoosha mkono tukapeana.

Tatu kwa moja. Zawadi ilikuwa pauni 6 za kutumia dukani, na mfukoni nina moja iliyobaki. Kiingilio cha Ijumaa ijayo kimepatikana.

MamaWawili, zile karata mia nilizipitia kama ulivyonishauri. Nimepata Ultra Ball tatu. Kama kijana wako mdogo bado anajenga upya, niandikie kwa faragha nizitie kwenye bahasha.