Mama yangu kagongwa juu ya zebra Morogoro Road, halafu naulizwa kama aliangalia pande zote

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuificha. Leo ni siku ya kumi na moja bi mkubwa wangu amelala chali, mfupa wa paja umevunjika, mguu umefungwa kamba yenye uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda. Kosa lake ni kuvuka barabara pale pale alipoambiwa avukie.

Wanaoijua Morogoro Road hapa Dar, kati ya Manzese na Magomeni, watanielewa haraka. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze Mei 2016, vituo vyake viko katikati ya barabara. Kwa hiyo kila abiria, awe mjamzito, mlemavu au mtoto wa darasa la kwanza, lazima akatize njia mbili za magari kwenda kupanda basi, na jioni akishuka akatize tena. Waliochora ramani walijua kabisa kwamba watu watavuka hapo kutwa nzima. Sasa njoo uone walichotuwekea pale ninapovukia mimi. Rangi. Na rangi yenyewe imelika mpaka dereva mgeni hawezi kujua kama pana kivuko. Nguzo ya taa ya waenda kwa miguu ipo, taa haiwaki. Saa moja jioni pale ni giza tupu, unaonekana pale tu gari linapokumulika.

Nieleze ilivyokuwa, maana kila ninayemsimulia anadhani mama alikurupuka. Alikuwa anatoka kituoni anarudi upande wa nyumbani, mkononi ana mfuko wa dawa za presha na kilo ya sukari. Njia za mwendokasi alishazivuka salama. Akasimama ukingoni akisubiri. Fuso la mchanga lililokuwa njia ya kulia likapunguza, likasimama kabisa, na utingo akatoa mkono dirishani akampungia: pita mama. Akapita. Alipofika usawa wa bampa la kushoto la lile Fuso, bodaboda ikachomoka kwenye njia ya pili kwa spidi ileile iliyotoka nayo huko nyuma. Yule kijana hakumwona mama, na mama hakuiona pikipiki, kwa sababu katikati yao kulikuwa na ukuta wa chuma uitwao Fuso. Niliikuta sukari imemwagika juu ya mistari iliyofutika, na ndala moja ng'ambo ya mtaro.

Hapo ndipo nataka watu waelewe, hasa wale wanaosema raia hawana elimu ya usalama barabarani. Kivuko cha rangi tupu kwenye njia mbili zinazoelekea upande mmoja ni mtego. Gari la kwanza likisimama kwa ustaarabu, ndilo linalomficha mvukaji asionekane na gari la pili. Ukiwa mwangalifu vipi, kuna hatua moja ambayo lazima uipige bila kuona. Dawa yake inajulikana: inua kivuko kiwe tuta, ili anayekuja njia yoyote alazimike kupunguza mwendo apende asipende. Weka matuta madogo ya kuamsha madereva mita kadhaa kabla. Washa taa.

Nilipokwenda kufuatilia PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, swali la kwanza nililoulizwa na askari lilikuwa: "Kwani mama hakuangalia pande zote?" Mtu wa miaka 64, yuko juu ya zebra, ameruhusiwa na gari lililosimama! Sheria ya Usalama Barabarani tunayo tangu 1973, na wajibu wa dereva kumpisha mtu aliye kwenye kivuko siyo jambo la hiari. Lakini mwenda kwa miguu akigongwa, anaanza kuhojiwa yeye.

Kuna mwingine hapa mtaani kaniambia angetumia daraja la Manzese. Ndugu yangu, daraja liko mbali na tunapovukia, na magoti ya mama hayapandi ngazi hata za ghorofa moja. Halafu usiku mwanamke akiwa na pochi anapita huko juu akiwaza vibaka. Kwa nini aliyekaa kwenye kiti asipunguze mwendo kwa sekunde tano, ila anayetembea ndiye azunguke, apande, ashuke?

Na huo mwendo wenyewe. Kisheria kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde moja, yaani kabla dereva hajakanyaga breki ameshamaliza upana wa kivuko na zaidi. Kwa kilomita 30 ni kama mita 8, na aliyegongwa ana nafasi kubwa ya kubaki hai. Pale kwetu hiyo 50 yenyewe haiheshimiwi. Bodaboda nazo zinaingia njia za mwendokasi tena kwa kurudi kinyume, unaangalia huku, inakupata kutoka kule.

Msiniambie hela hakuna. Hapa hapa Dar shirika la Amend limefanya kazi kwenye shule ambazo watoto walikuwa wanagongwa: matuta, njia za miguu, vizuizi vya magari, na wakati mwingine kuhamisha tu geti la shule lisitazamane na barabara kubwa. Mwaka 2019 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya miji. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji flaiova. Ni zege, rangi, na mtu ofisini anayejali.

Ninachodai ni vitu vitatu pale kwetu: kivuko kiinuliwe, taa zote ziwashwe, rangi ipigwe upya mwezi huu. Barua nimeshaiandika. Jumamosi saa nne asubuhi naipeleka serikali ya mtaa ili mwenyekiti aigonge muhuri, kisha Jumatatu naipeleka kwa wenye barabara, na nataka iende na sahihi nyingi. Mnaokaa Manzese, Argentina, Kagera, Mwembechai hadi Mapipa, nitumieni PM niwaambie tunakutana wapi.

Wengine mlioko mbali, wekeni hapa picha ya kivuko chenu, jina la kituo na saa mliyopiga. Ya usiku ni bora zaidi. Nitazichapisha zote nizibane kwenye barua.