Mrejesho: dada yangu kapimwa kasi ya kufikiri

Wakuu, niliuliza kama uzito wa kufikiri anaolalamikia dada yangu mwenye MS, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia utando wa neva, unapimika. Unapimika. Kipimo kinaitwa SDMT: juu ya karatasi kuna michoro tisa, kila mmoja na namba yake, 1 hadi 9, chini safu za michoro hiyo hiyo bila namba. Una sekunde 90 kutaja namba nyingi uwezavyo. Alijibu kwa mdomo, maana mkono wake dhaifu ungemchelewesha bure. Hakukosea hata moja, ila alikwenda taratibu mno. Kumbe ndicho kinachotafutwa! (Mliosema ni uvivu, mmesikia.) Uchovu na sonona navyo hushusha alama, kwa hiyo daktari anavichunguza kwanza. Atarudia mwakani kwa karatasi yenye mpangilio mwingine, asije akawa ameikariri.