Tupeane uzoefu: kupima na kuseti TPS, sensa ya throto

spana_kumi
Wakuu, tukusanye hapa namna sahihi ya kupima na kuseti TPS, maana spea hii inabadilishwa ovyo mno. Sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikipanda, gari likisita ukikanyaga mafuta kidogo, gia za otomatiki zikichelewa kubadilika, jibu la haraka ni "nunua TPS". Inatupwa nzima, kumbe ilikaa vibaya tu.

Naanza na Toyota ambazo throto inavutwa kwa kebo, sensa ya waya nne. VC ni volti 5 kutoka kontrol boksi (kompyuta ya injini). VTA ni ishara inayopanda kadiri kipepeo (kibati kinachofungua njia ya hewa ndani ya throto) kinavyofunguka. IDL ni swichi ndogo inayoiarifu kontrol boksi kwamba mguu umetoka kwenye mafuta. E2 ni hasi ya sensa. Weka swichi on bila kuwasha injini. VC na E2 zisome volti 4.5 hadi 5.5. VTA na E2, kipepeo kikiwa kimefunga, 0.3 hadi 0.8, kikifunguka chote, 3.2 hadi 4.9. Soketi ibaki imechomekwa. Ingiza pini ya kushonea kwa nyuma, kando ya mpira wa waya, mpaka iguse chuma. Usitoboe ganda la waya, maji yataingia hapo na waya utaoza kwa ndani.

waya_mwekundu
Hapo naongeza jambo moja: kabla ya kuiamini VTA, pima E2 dhidi ya hasi ya betri. Isizidi volti 0.1. E2 ikiwa imelegea au ina kutu ya kijani, ishara yote inapanda juu na lawama inaiangukia sensa. Na kama VC haipo kabisa, chomoa soketi ya TPS kisha pima tena kwenye waya. Volti 5 zikirudi, sensa imepiga shoti ndani. Zisiporudi, chomoa na sensa nyingine zinazotumia laini hiyohiyo, mfano MAP (sensa ya presha ya hewa inayoingia kwenye injini), moja baada ya nyingine.

mita_ya_mshale
Vipimo vya kufunga na kufungua havitoshi, ugonjwa mwingi uko katikati. Ndani kuna njia ya kaboni na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Robo ya kwanza ndiyo inayolika, kwa sababu mguu wa dereva unashinda hapo siku nzima. Shika mkono wa kipepeo, fungua taratibu ukihesabu mpaka kumi, mita ya mshale ikiwa kwenye VTA na E2, macho kwenye mshale. Upande bila kurudi nyuma. Ukidondoka sehemu moja kisha ukarudi, gari linasita palepale. Mita ya namba inaweza kuruka kasoro hiyo kwa sababu inasoma kwa vipindi. Kama ndiyo uliyonayo, tumia MIN/MAX, sehemu inayoshika kipimo cha chini na cha juu. Dawa ya kupuliza haisaidii hapa, kaboni iliyolika hairudi. Hapa sasa ndipo pa kununua TPS nyingine.

spana_kumi
Kuseti. Kwanza safisha throto bodi, kwani masizi nyuma ya kipepeo yanakizuia kufunga na vipimo vyote vinakuwa vya uongo. Hakikisha kebo ya mafuta ina ulegevu kidogo. Kisha chomoa soketi, weka mita kwenye omu kati ya IDL na E2, na upenyeze fila (bati jembamba la kupimia nafasi) kati ya skrubu ya kituo, ile ambayo mkono wa kipepeo huigota ukifunga, na mkono wenyewe. Kila injini ina unene wake. Kwa injini ya Toyota 22R-E, fila ya mm 0.57 swichi iwe imeunganika, ya mm 0.85 iwe imekata. Kwa hiyo tia ya 0.70, legeza skrubu mbili za sensa, izungushe hadi pale mita inapoanza tu kuonyesha imeunganika, kaza hapohapo. Halafu rudia na fila zote mbili, kwa sababu kukaza kwenyewe huisogeza sensa. Vichwa vya skrubu hizo vinaliwa haraka. Tumia bisibisi inayojaa vizuri na uigonge kidogo kabla ya kuzungusha.

kontrolboksi
Naomba sana, skrubu ya kituo isiguswe! Wengi huikaza ili kupandisha sailensi. Kipepeo kinabaki wazi kidogo, IDL haifungi, na kontrol boksi inaamini bado unakanyaga mafuta. Matokeo yake sailensi haidhibitiwi, na mafuta hayakatwi unaposhuka mlima mguu ukiwa juu. Hata taimingi (wakati wa cheche kuwaka) haisetiki: umeunga TE1 na E1 kwenye soketi ya kupimia, lakini taa ya taimingi haitulii kwenye digrii zinazotakiwa kwa sababu IDL iko wazi.

Kwenye mifumo ya kusoma kodi za hitilafu kwa kuhesabu miwako ya taa ya injini, 41 ni TPS. Kodi 51 ni ya IDL kutofunga, lakini huja pia ukiwasha AC au gia isipokuwa P au N, hivyo zima AC, rudisha gia P, ndipo uishuku IDL. Kwa OBD2, mfumo wa kusoma kodi kwa mashine, P0122 ni ishara ya chini, P0123 ya juu.

diski_pleti
Vipi Toyota za VVT-i zenye throto ya umeme, nazo zinasetiwa?

kontrolboksi
Hapana mkuu. Hakuna kebo, na sensa ni mbili ndani ya nyumba moja: VTA1 na VTA2. Kipepeo kikiwa kimetulia, VTA1 husoma volti 0.5 hadi 1.1, VTA2 2.1 hadi 3.1. Kontrol boksi inazilinganisha muda wote. Zikipishana inapunguza nguvu ya injini. Ukilegeza skrubu zake umeharibu ulinganifu huo, na mara nyingi utabadilisha throto bodi nzima. Na ukisafisha, swichi iwe off kabisa, usisukume kipepeo kwa kidole swichi ikiwa on: mota inaweza kukifunga ghafla na kukukata.