Robertinho kaondolewa kwa haki, au tumemtoa kafara kwa aibu yetu?

Mtu wa Mtoni
Wakuu, Jumapili Novemba 5, 2023 Simba tumekula 5-1 za Yanga kwa Mkapa, Jumanne kocha wetu Robertinho hayupo. Wanasema ni makubaliano ya pande mbili, haya. Mimi ni Simba wa kuzaliwa na sijalala vizuri tangu siku ile. Maxi wa Yanga alipofunga la nne, dakika ya 77, niliinuka nikatoka, nikatembea hadi kituo cha Uhasibu, nikageuza jezi ndani nje, nikapanda gari la Mbagala. Lakini tuongee ukweli. Huyu mzee kaja Januari. Aprili kampiga Yanga 2-0. Agosti katuletea Ngao ya Jamii kutoka Tanga, kipa wetu Ally Salim akipangua penalti za Yanga. Juzi tu Al Ahly ya Misri kashindwa kutufunga, 2-2 hapa na 1-1 kwao, tumetolewa kwa magoli ya ugenini. Ligi ya msimu huu alikuwa hajapoteza hata moja. Mechi moja, nje. Ni haki?

Jangwani Damu
Ngoja kwanza. Jezi nyekundu ukiigeuza inakuwa rangi gani, kaka? Kocha tutamjadili baadaye.

Kolo Mkongwe
Kijana, hoja yako sijaimaliza, nimekwama kwenye jezi. Mwaka 1968 walitufunga tano bila. Marehemu baba alirudi Magomeni kwa mguu, kila kijiwe wanamzomea, na hakujificha kwa mtu. 2012 tukawalipa tano bila, Okwi peke yake matatu. Umewahi kusikia Yanga aliyegeuza jezi siku ile? Walienda nazo makwao hivyo hivyo. Kufungwa ni mchezo. Kugeuza jezi ni tabia.

Chura Mstaarabu
Mzee shikamoo. Okwi alifunga mawili. Mengine ni Mafisango, Sunzu na Kaseja. Kipa, mzee! Kipa alitoka golini kwake akaja kutupigia penalti. Nakumbuka kwa sababu nililia. Na Mafisango, Mungu amrehemu, hakuumaliza mwezi ule. Halafu 1968 Simba haikuwepo, mlikuwa mnaitwa Sunderland. Naona ndiyo desturi yenu: mkifungwa lazima kitu kibadilishwe, zamani jina, sasa kocha.

Kolo Mkongwe
Marahaba. Mawili au matatu, tano ni tano, mkono ulikuwa mkono. Ila jina letu usiliguse, lilibadilishwa 1971 na halikuhusiana na magoli yenu. Kwa mchezo huo nami nikuulize: 1977 tulipowapa sita bila, Kibadeni matatu, nyinyi mlibadilisha nini?

Jangwani Damu
Mzee ana miaka ya radio za mbao huyu. Sisi tunaongelea Jumapili!

Fundi Cherehani
Samahani wakuu, mimi nina swali la kazini kwangu. Mtu wa Mtoni, ulipoigeuza hiyo jezi, mshono wa ubavuni ulikuwaje? Zile zinazotundikwa mtaa wa Kongo nazifahamu, kila wiki naletewa nizirudie. Kwa nje safi, ukigeuza tu nyuzi zinaning'inia kama ndevu za mbuzi. Naomba jibu la ukweli.

Mtu wa Mtoni
Fundi, hilo na kocha wapi na wapi? Ndiyo, ni ya Kongo. Elfu kumi na tano. Mshahara ulikuwa haujatoka. Turudi kwenye mada.

Mama Wawili
Hapana, haturudi. Nilikuwa nasoma kimya, sasa umenichefua. Mimi nauza maandazi Keko. Nilipopokea mchezo wa upatu, nimenunua orijino mbili, yangu na ya mwanangu, kwa sababu nilisikia klabu inapata chochote humo. Wewe unavaa feki, klabu haioni hata mia, halafu unatupangia kocha akae au aondoke! Na ukatoka dakika ya 77! Kibu aliposawazisha nilimrusha mtoto juu, kofia yake hatukuiona tena. Zile nyingine zilipoanza kuingia akalala begani kwangu, nikakaa hadi filimbi. Hadi filimbi, baba.

Mtu wa Mtoni
Dada yangu, ya jezi nisamehe. Tiketi ya mzunguko nililipa, hiyo haikuwa feki. Narudia swali, tafadhali: mechi moja inatosha kumfukuza mtu?

Jangwani Damu
Aliyetoka dakika ya 77 aulize maswali ya dakika 77 tu.

Mtu wa Ndondo
Nami nijibu kilichoulizwa, maana naona hakuna anayejibu. Mechi moja mnayoisema nyinyi ndiyo iliyoanika zote. Hadi mapumziko ilikuwa 1-1. Kipindi cha pili miguu ikaisha, katikati pakabaki uwanda. Maxi, Aziz Ki, Maxi tena, Pacome na penalti yake, manne ndani ya nusu saa. Ile si bahati mbaya, zile ni pumzi. Mbona kocha wa viungo naye kaondoka naye? Hilo hamjiulizi. Na nani alimtoa kipa Manula kwenye majeraha ya miezi akamweka moja kwa moja kwenye dabi, wakati Ally Salim yupo?

Kolo Mkongwe
Manula umwache! Mpira wa Aziz Ki ungedakwa na nani, wewe?

Mtu wa Ndondo
Mzee, sijamlaumu Manula, namlaumu aliyempanga.

Kolo Mkongwe
Umemtaja. Kumtaja kunatosha. Yule kijana katubeba Afrika nzima, leo kila mtu ni kocha wa makipa.

Mama Wawili
Hapo niko na mzee. Wanaomsema Manula utakuta hata jezi hawana.

Fundi Cherehani
Au wanazo za Kongo.

Mtu wa Mtoni
Jamani, mimi Manula sijamtaja popote!

Chura Mstaarabu
Mwenye uzi tusimwonee sana. Ila ndugu, nina swali dogo linanikereketa tangu asubuhi. Umetoka la nne, kwa mguu hadi Uhasibu ni kama dakika kumi hivi. Pacome kapiga penalti dakika ya 87. La tano ulilijulia wapi?

Mtu wa Mtoni
Kwenye gari. Nimekaa siti ya nyuma, konda kaja akaninyooshea kiganja chote usoni, vidole vimetanuka. Nikatoa jero yangu nikampa. Akaniangalia, akaangalia ile jezi, akanirudishia hela. Akasema, "Nauli bado sijaanza kukusanya, bro."