Prado 90 ya mtumba: kuvuta mitamba, kwenda kazini na matope ya Mau Narok. Nianzie wapi?

MamaMitamba (Njoro)

Habari za jioni wanajukwaa. Nimenunua Toyota Prado ya toleo la 90 (si mwaka), dizeli, injini ya 1KZ-TE, gia za otomatiki, kutoka kwa mzee mmoja mstaafu wa Kiamunyi. Bodi ni safi, chesisi haina kutu, na injini haivuji oili isipokuwa jasho kidogo kwenye kifuniko cha juu. Kazi nitakayoipa ndiyo imenileta hapa.

Jumatatu hadi Ijumaa itanitoa Njoro hadi ofisini Nakuru mjini na kunirudisha, kwa hiyo sitaki gari la kunitikisa figo. Wikendi itavuta trela ya ekseli mbili. Mimi huuza mitamba ya Friesian, na wanunuzi wangu wako Molo, Londiani, Kericho, mara mojamoja mpaka Muhoroni. Mitamba miwili iliyokaribia kuzaa hukaribia kilo 1,000. Trela tupu ni kilo 550. Kiangazi kikiuma nabeba marobota ya nyasi za Boma Rhodes badala ya mitamba. Halafu kuna shamba la mama mkwe, ndani kabisa Mau Narok. Mvua ikinyesha kule barabara ya udongo haimjui mkubwa wala mdogo. Sivuki mito wala sipandi miamba, nataka tu kufika na kurudi bila kuita trekta ya jirani.

Nina shilingi 250,000. Shemeji yangu amenipangia orodha: kuinua gari inchi tatu, matairi ya 285/75R16, snokeli, bampa la chuma, taa juu ya paa. Orodha imepita 400,000 na trela haijatajwa hata mara moja. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia nikishainua gari heshima barabarani itakuja yenyewe.

Mengine ya kujua: chuma cha kuvutia trela kilichokuja na gari kimechomelewa chini ya bampa. Springi za nyuma zimelala. Nikipakia magunia manne ya chakula cha ng'ombe taa zangu za mbele zinamulika matawi. Trela yenyewe haina breki. Aliyenichomelea alisema breki za gari zinatosha.

Nianzie wapi?

KijanaWaLanet

Madam, usimsikilize mtu, inua hiyo gari. Prado 90 ikiwa chini inakaa vibaya. Inchi tatu, matairi makubwa, Mau Narok utapita ukiimba. Mambo ya trela utayaona baadaye.

MvutaBoti (Kisumu)

Dada, karibu. Mimi huvuta boti za fibaglasi kutoka Dunga kwenda Naivasha na Baringo, kwa hiyo mlima wa kutoka Awasi hadi Kericho tunajuana. Shemeji yako si mtu mbaya, ila gari analolitaka ni la kupigia picha. Wewe una kilo 1,550 nyuma yako, na mzigo wenyewe una miguu. Pesa yako ianze kwa vitu vya kusimamisha gari na vya kulipoza, hata kama ukiegesha hakuna atakayeviona.

Niseme la breki kwanza kwa sababu limenishtua. Vitabu vya magari mengi hutaja kilo 750 kuwa mwisho wa trela isiyo na breki zake. Wewe umezidisha mara mbili. Gari likifunga breki ghafla, mitamba haifungi breki. Inakuja mbele na trela inakuja nayo, na gari lako ndilo linalosukumwa. Weka breki kwenye ekseli za trela, zile za kusukumana: gari likipunguza mwendo, trela inasukuma fimbo ya mbele, na fimbo inavuta kebo za breki. Hazihitaji waya wala kompyuta. Ila uzijue tabia. Ukiteremka kwa injini peke yake bado trela inakusukuma, kwa hiyo zinashika kidogo kidogo muda wote na kupata moto. Ndiyo maana kutoka Mau Summit kuteremka Sachangwan hadi Salgaa hushuki kwa kasi ya matatu halafu ukanyage. Shika gia ya pili kabla mteremko haujaanza, tembea polepole, na ukifika Salgaa simama uweke kiganja karibu na kila gurudumu la trela. Moja likiwa na joto kuliko mengine, breki imeng'ang'ania au beringi imekauka grisi.

Sasa injini. 1KZ ni injini ya kazi, lakini bloku yake ni chuma na kichwa ni alumini. Ikichemka sana kichwa hupasuka kati ya vali, na hapo 250,000 yako imekwenda kwa jambo moja. Mshale wa joto kwenye dashibodi usikutulize. Umeundwa kukaa katikati hata joto likipanda na kushuka nyuzi kadhaa, na ukiuona umeanza kuinuka ujue umechelewa. Funga kipimo cha pembeni chenye namba, kihisio chake kikae kwenye maji yanayotoka kichwani.

Na kuna jambo ambalo nyinyi wa milimani mnalisahau kwa kuwa mmelizoea. Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Mau Summit umepita mita 2,300, na huko maji ya sufuria huchemka kwa nyuzi 92 hivi, si 100. Kinachozuia maji ya injini yasichemke ni presha, na presha inashikwa na kifuniko cha rediata. Mpira wa kifuniko ukichoka, gari lililokuwa zima pale chini Ahero litakutolea mvuke kule juu Londiani, na fundi atabadilisha thamostati, pampu na imani yako kabla hajakigusa kile kifuniko. Nunua kipya, chenye presha iliyoandikwa kwenye cha zamani.

Otomatiki nayo hupozea oili yake ndani ya rediata hiyohiyo. Rediata ikiozea ndani, maji na oili hukutana, na giaboksi inakunywa uji wa pinki. Kwa hiyo: rediata nzuri, na kipozaji cha ziada cha oili ya giaboksi kikae mbele yake penye upepo. Ukiwa unavuta trela, izime ovadraivu (gia ya juu kabisa) kwa ile swichi ya kwenye mkono wa gia. Giaboksi inayohangaika mlimani, mara gia ya nne, mara gia ya tatu, ndiyo inayopika oili.

Mafuta? Yangu tupu hunipa kilomita 9 kwa lita nikijiheshimu. Nikivuta, 6. Usiamini anayekuambia zaidi.

FundiDifu (Nakuru)

MvutaBoti amesema, mimi naongeza ya chini ya gari.

Hicho chuma kilichochomelewa chini ya bampa kitoe. Bampa si chesisi. Chuma cha kuvutia kinafungwa kwa bolti kwenye mihimili miwili ya chesisi, upande kwa upande, bolti za daraja la 8.8 kwenda juu, na bamba la chuma nyuma yake. Minyororo ya usalama ivuke chini ya fimbo ya trela kama mkasi, ili trela ikichomoka fimbo iangukie minyororo badala ya lami.

Springi: Prado 90 nyuma ina ekseli nzima na koili, mbele kila gurudumu linajitegemea. Usiweke vipande vya mpira juu ya koili iliyochoka. Vinainua gari lakini havibebi kitu. Tafuta koili za nyuma za kazi nzito kidogo, zinazobeba kilo 150 hadi 200 zaidi, na shokabsoba mpya. Zikiwa ngumu kupita hapo utajuta Jumatatu asubuhi ukiwa peke yako garini. Mbele ukiinua inchi tatu, viungo vya ekseli vinakaa kwa pembe kali, buti za mpira zinachanika, vumbi linaingia. Nazibadilisha kila wiki kwa vijana wa Lanet, nawashukuru sana kwa biashara.

Halafu kuna kifaa ambacho watu hawakioni. Angalia juu ya ekseli ya nyuma, karibu na difu: kama gari lako lina mkono mwembamba wa chuma unaotoka kwenye ekseli hadi kwenye vali ya breki, hiyo vali hupima mzigo. Nyuma ikilala, inaongeza nguvu za breki za nyuma. Nyuma ikipanda, inapunguza. Mtu akiinua gari asirekebishe ule mkono, vali inadhani gari ni tupu siku zote. Umebeba mitamba, nayo inakupa breki za kwenda sokoni. Koili zikibadilishwa, mkono urekebishwe siku hiyohiyo.

Na mkanda wa taimingi. Kama mzee wa Kiamunyi hana risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa. Wakati wake ni kilomita 100,000.

MamaMitamba (Njoro)

Asanteni sana. Shemeji amesoma yote, amenuna, halafu ameuliza kwa sauti ya chini kama kipozaji cha oili kinaweza kuonekana kwa mbele kupitia grili. Nimemwambia kinaonekana. Amefurahi kidogo.

Nimempigia mzee. Mkanda hakumbuki. Kwa hiyo huo unaingia kwenye bajeti, pamoja na breki za trela, rediata, kifuniko, kipozaji, chuma kipya na koili. Nikijumlisha sioni kama itabaki pesa ya matairi, na ninayo ya zamani yenye nusu ya meno, 265/70R16. Hayo makubwa ya 285 yana faida gani hasa Mau Narok? Na kuna lililonisumbua tangu mwanzo: nikiwa na mzigo, kwenye kilomita 80 trela huanza kuyumba kushoto kulia, gari nalo linafuata. Nikipunguza hadi 60 inatulia. Aliyeichomelea anasema ni upepo.

MvutaBoti (Kisumu)

Upepo wa kuanza kwenye 80 na kukoma kwenye 60! Huo upepo una adabu.

Ni mzigo umekaa nyuma mno, au kirungu cha kuvutia (kile kichwa cha mviringo cha chuma nyuma ya gari ambacho trela hushikia) kiko juu mno, au vyote viwili. Sehemu ya uzito wa trela lazima ilalie kirungu: asilimia 7 hadi 10. Kwako ni kilo 110 hadi 155. Tafuta mizani ya kupimia magunia, uegeshe trela yenye mzigo mahali tambarare, fimbo yake ilale juu ya mizani kwa urefu uleule wa kirungu, usome. Nakisia utapata chini ya 60. Mtamba mzito akae mbele, weka kizuizi katikati ili asirudi nyuma kwenye kupanda, na vichwa vifungwe kwa kamba fupi. Trela ikiwa imefungwa kwenye gari inatakiwa kulala sawa na barabara. Ikiinua pua, uzito unakimbilia nyuma na ngoma inaanza. Hapo ndipo zile inchi tatu za shemeji zingekumaliza: kirungu kingepanda na gari.

Ikiyumba ukiwa barabarani, usikanyage breki kwa hofu na usipigane na usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, iache ipungue yenyewe.

Matairi: 265/70R16 yana kipenyo cha sentimita 77.7, na 285/75R16 ni 83.4. Hiyo ni asilimia 7 zaidi. Kipimo kikisoma 80 wewe uko karibu 86. Kila gia inakuwa nzito, na giaboksi ambayo tayari inavuta mitamba inaongezewa kilima ambacho hakipo. Breki nazo zinafanya kazi zaidi. Kaa kwenye saizi yako, ila pesa ikipatikana chukua aina ya lami na matope, meno ya wastani. Mau Narok yatakutosha ukishusha upepo wa matairi hadi PSI 20 na kufunga difu ya katikati (ili ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja) kabla ya kuingia kwenye utelezi, si baada ya kukwama. Ukirudi kwenye lami fungua difu, jaza upepo. Ukivuta, nyuma weka 36. Na nenda kule bila trela. Matope na trela ni ugomvi wa bure.

AskariMstaafu (Kakamega)

Hakuna aliyetaja karatasi. Trela husajiliwa kivyake, mbali na gari, kwa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya) na kupata namba yake inayoanza na Z. Kubandika namba ya gari nyuma ya trela hakutoshi. Iambie pia kampuni ya bima kwamba unavuta, na upate jibu kwa maandishi. Taa za trela ziwake zote, na viakisi viwe pande zote. Nimesimamisha trela nyingi usiku, na zilizokuwa giza nyuma zilikuwa nyingi kuliko zenye taa.

FundiDifu (Nakuru)

Kuhusu hizo taa: usiruhusu mtu achune waya za taa za gari na kuunga za trela. Waya za Prado hazikupangiwa balbu mara mbili. Waya mpya itoke kwenye betri na fyuzi yake, na relei (swichi za umeme) ziwashwe na taa za gari.

MamaMitamba, ukija njoo na trela, si gari peke yake. Urefu wa kirungu haupimwi gari likiwa tupu. Tunapakia mzigo kamili, koili zinalala, ndipo tunaamua kirungu kikae wapi. Mitamba iache nyumbani. Nina magunia ya mchanga, nayo hayanyi kwenye gereji.