Kikundi: Wana wa Babu 🤲

ALHAMISI

Zuhura: Assalaam alaykum warahmatullah wote. Naomba msome mpaka mwisho. Salum huu ni mwezi wa saba hana kazi na mnajua hali ya nyumbani kwake. Nimepanga tumwombee usiku, kila mtu na siku yake, saa tisa. Rakaa mbili, kisha dua ya Nabii Yunus mara mia. Jumamosi Mwajuma, Jumapili Hamisi, Jumatatu Rukia, Jumanne Faki, Jumatano mimi. Ukimaliza weka tiki hapa. Ijumaa na Alhamisi bado.

Zuhura: Tuthibitishe leo tafadhali

Zuhura: Naona watu kumi na moja wameshasoma

Faki: Waalaykumu salaam Shangazi. Simu yangu ikilia saa tisa anaamka jirani, mimi naendelea kulala. Tiki aweke jirani?

Rukia: 😂😂😂

Zuhura: Faki sitaki mzaha. Ni baba yako mdogo huyu.

Mwajuma: Dada, mwenyewe Salum yumo humu kikundini. Unamtaja kama hayupo.

Zuhura: Yupo lakini hajibu. Tangu mwezi uliopita.

Rukia: Mama Mkubwa, si lazima iwe saa tisa kamili. Theluthi ya mwisho ya usiku unahesabu magharibi mpaka alfajiri, unagawa kwa tatu. Magharibi ikiwa saa 12:30 na alfajiri saa 11:00, inaanza saa 7:30 usiku. Kila mtu na mji wake.

Faki: Kumbe hesabu za darasa la sita zilikuwa na kazi

Mwajuma: Na ile swala ya haja je? Si ndiyo yenyewe ya mambo kama haya?

Rukia: Mama, hadithi yake Tirmidhi mwenyewe aliyeipokea amesema sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi, ina maneno, si madhubuti. Lakini kuswali rakaa mbili za sunna ukaomba, nani atakukataza? "Takeni msaada kwa subira na Swala" iko Baqara 45. Na mwenye kumwombea nduguye asiyekuwa mbele yake, malaika anasema amin, nawe upate mfano wake. Hiyo hadithi iko Sahih Muslim.

Faki: Namwombea Baba Mdogo kazi yenye mshahara mnono. Nami mfano wake. Amin

Zuhura: Hamisi, Jumapili umekubali?

Zuhura: Kaka Hamisi?

Mwajuma: Mimi kuomba naomba, Dada, kila siku. Ila tiki sitaweka. Usiku wa mtu na Mola wake unauwekea daftari la mahudhurio?

Zuhura: Bila utaratibu hakuna anayeamka. Tumeshaona.

Mwajuma: Tumeona nini?

Zuhura: Zamu za hospitali tuliandika vizuri na bado Alhamisi ikawa vile. Nisiseme zaidi.

Mwajuma: Umeshasema.

Zuhura: Mama alikuwa anaomba maji. Muuguzi ndiye aliyetuambia.

Mwajuma: Miaka minne Dada. Dua ya mja hujibiwa madamu haombi dhambi wala kukata udugu, wala hana haraka. Wewe haraka unayo, na udugu ndio huo unaukata mbele ya watoto.

Faki: Shangazi mimi nakubali Jumanne. Hata Jumatatu pia. Jamani.

Babu: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:14)

Rukia: Kwa walioko kazini, Babu anasema hivi, naandika alivyosema:

"Majina hayo yafuteni. Zakaria alimwita Mola wake mwito wa siri, Surat Maryam, mwanzoni tu hapo. Mkewe alikuwamo nyumbani na hakumwandikia zamu. Anayetaka kuamka aamke, na asiniambie mimi. La pili. Zuhura, Alhamisi ile Salum nilimrudisha mimi. Nilimkuta amesinzia juu ya msala, tasbihi ya mama yenu imo vidoleni. Nikamwambia nenda kalale, nitakaa mimi. Nikalala mimi. Kwa hiyo mwenye kuulizwa habari ya maji ni mimi, na nimeshamwomba Mwenyezi Mungu msamaha nyakati nyingi msizozijua."

Hamisi: 👍

Hamisi: Samahani Baba, nilikuwa najibu ya juu

IJUMAA

Salum (03:12): Nimesikia sauti ya Baba sasa hivi.

Salum (03:15): Dada, kuamka naamka. Mwanzo nilikuwa naomba kazi, naitaja mpaka na mshahara. Siku hizi nikifika kwenye sijda maneno yanaisha. Nimebaki na ile ya Nabii Ayyub, kwamba nimepatwa na dhara nawe ni Mwenye kurehemu kuliko wote. Ukiiangalia haina ombi ndani yake. Hakusema niponye. Amesema hali yake, basi. Hiyo naiweza.

Salum (03:16): Kazi bado sijapata, mkitaka kujua.

Salum (03:31): Baba usiku ule hukuniambia tu nilale. Ulinifunika na koti lako. Ulisahau kusema.

Rukia: Mjomba 😭

Faki: Baba Mdogo umeandika saa tisa na robo. Umeshaweka tiki bila kujua

Salum: 😄 Nenda kaswali Faki

Mwajuma: Salum, jioni nitakupigia. Upokee.

Zuhura: Assalaam alaykum. Nimesikiliza ya Baba. Mara tatu.

Zuhura: Baba nitakuja.

Zuhura: Basi majina nimefuta. Hakuna tiki. Lakini siku naziacha maana siku si jina. Jumamosi mpaka Jumatano kila mtu anajijua. Zimebaki Ijumaa na Alhamisi.

Mwajuma: Dada...

Zuhura: Nauliza tu. Alhamisi nichukue mimi.

Babu: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:04)

Rukia: Babu amesema "mmh". Basi.

Faki: Hiyo ni ndiyo au hapana?

Zuhura: Na Ijumaa ni leo. Nani yuko?

Hamisi: 👍

Zuhura: Kaka, hiyo ya Ijumaa au ya Jumapili?