Mtoto wa miaka minne kutwa yuko nyumbani, penseli anaishika kwa ngumi: tuanzie wapi?

MamaWawili_Makorora

Wanajamvi, habari za asubuhi. Nina mtoto wa miaka minne na miezi mitatu, darasa la awali ataanza Januari. Kutwa anashinda nyumbani na dada wa kazi pamoja na mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu, ambaye kila anachokiokota kinakwenda mdomoni. Mkubwa penseli anaikamata kwa ngumi nzima. Akiambiwa aandike *a*, anachora maduara mawili, anatupa daftari, anadai simu. Namba anaimba mpaka ishirini, lakini ukimwekea ndimu saba azihesabu atakwambia kumi na moja.

Midoli ya dukani hatuiwezi, na ua tunachangia na wapangaji wenzetu. Naombeni vitu vya kuanzia, kwa vipimo, ambavyo dada anaweza kuviendesha nikiwa kazini. Halafu ule unga wa kuchezea wa kutengeneza nyumbani, mbona ukikaa siku mbili unalowa na kunata?

MwalimuWaAwali

Mleta mada, penseli iweke kabatini kwanza. Ngumi hiyo inakwambia vidole havijapata nguvu, na daftari halitavipa. Kazi za kuvipa nguvu ziko jikoni kwako: kupukuchua mahindi kwa dole gumba, kumenya njegere, kubana vibanio vya nguo kwenye ukingo wa ndoo na kuvibandua, kuchambua mchele kwenye ungo. Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha. Akianza kumwaga makusudi ujue kachoka, ondoa.

Akirudi kwenye kuandika, mpe chaki iliyovunjwa, kipande cha sentimita 2 au 3. Kifupi hivyo hakikai ndani ya ngumi, kwa hiyo dole gumba na vidole viwili vinakibana vyenyewe, hakuna haja ya kumgombeza. Aandikie mlangoni au ukutani, usawa wa macho yake (mwenye nyumba akiridhia, maana wengine kwa ukuta wao hawana utani). Akiandika wima, kifundo cha mkono kinapinda kwa nyuma, na ndio mkao atakaouhitaji mezani baadaye. Anza na mstari wa kusimama, wa kulala, kisha duara, kisha alama ya kujumlisha. Umri huo duara na kujumlisha ndivyo vinavyotegemewa. Pembetatu mara nyingi huja akikaribia miaka mitano. Kwa hiyo huyo wa maduara mawili hajashindwa kitu.

Sasa unga. Unaonata ni ule wa kukanda mbichi. Huku pwani hewa ina unyevu mwingi, chumvi iliyomo inauvuta, na unga ambao haukuiva hauna cha kuushikilia. Upike:

Unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, maji vikombe 2, mafuta ya kupikia vijiko 2 vya chakula, maji ya ndimu vijiko 2 vya chakula. Koroga vyote sufuriani vikiwa baridi mpaka madonge yaishe, ndipo uweke kwenye moto mdogo. Usiache kukoroga. Kwanza utaona uji, kisha utaanza kushika mwiko, na mwisho unajikusanya donge moja na kuachana na sufuria. Epua hapo hapo, ukizidisha unapasuka pasuka. Ukande kwenye sinia ungali vuguvugu mpaka uwe laini kama ndewe ya sikio.

Wengi huuharibia kwenye kuhifadhi: wanaufunika ukiwa wa moto, mvuke unageuka matone chini ya mfuniko, na kesho yake unateleza. Uache upoe kabisa hadi katikati, ndipo uingie kwenye kopo la mfuniko wa kubana. Ukiona madoa ya ukungu au harufu imegeuka, tupa, usijaribu kuukanda upya. Rangi ya njano weka nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, ila inashika nguo vibaya. Nyekundu, chemsha bitiruti na utumie maji yake badala ya maji ya kawaida.

Kwa huyo mdogo: kikombe kizima cha chumvi si mchezo kwa tumbo la mtoto wa mwaka na nusu. Unga utoke kabatini yeye akiwa amelala.

Komwe64

Mwalimu kamaliza upande wa vidole, mie nichukue hizo ndimu.

Kuimba namba ni kazi moja na kuhesabu ni nyingine. Ndimu saba zinakuwa kumi na moja kwa sababu ulimi unakimbia kuliko kidole. Dawa ni kumpa mahali pa kuweka kila anachohesabu. Trei la mayai la karatasi lina mashimo 30, sita kwa tano. Kata safu mbili za mashimo matano, upate kipande cha mashimo 10. Chagua trei lisilo na kinyesi cha kuku, lianike juani siku nzima; lililochafuka liache, ukiliosha linamomonyoka.

Vya kuhesabia, komwe (zile mbegu ngumu za kuchezea bao) ndizo nzuri zaidi, zinateleza vizuri mkononi na hazivunjiki. Aichukue moja, aitumbukize shimoni, *ndipo* ataje namba. Akitaja kabla ya kutumbukiza, zuia mkono wake kwa upole, anze tena. Siku za mwanzo ziwe tatu tu. Akimaliza muulize, "Zote ngapi?" Akijibu "tatu" bila kurudia, kaelewa. Akianza upya moja, mbili, tatu, bado kwake namba ni wimbo, baki hapo hapo, usipande tano. Hatua inayofuata ni kugeuza: "Niletee nne." Hii ni ngumu zaidi kuliko wanavyodhani watu wazima, kwani lazima ajizuie asimalize bakuli zima.

Safu ya juu ikijaa ataona tano bila kuhesabu, na sita ni tano na kimoja. Hapo hesabu ya kujumlisha imeshaingia bila kutajwa. Kisha mpeleke kwenye kazi ya kweli: sahani ngapi mkekani, vijiko vingapi, nani hajapata. Walio Ngamiani hapa Tanga wana bahati, barabara zao zenyewe zina namba, mtoto anazisoma njiani akienda dukani.

Tahadhari: chukua lile bomba la karatasi ya chooni, upana wake kama sentimita 4. Chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mdogo. Komwe zinapita, vifuniko vya soda vinapita. Kwa hiyo anayehesabu akae juu ya meza, na komwe zihesabiwe zikitoka na zikirudi. Maharage na mbaazi msitumie kabisa: watoto huzisukuma puani au sikioni, na zikipata unyevu zinavimba. Ikitokea, msimwagie maji wala kuchokoa kwa kijiti, aende hospitali. Na zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, hata kama zinavutia kwa shanga, zisiingie ndani. Zikitafunwa ni sumu kali. Za mnyonyo vilevile.

MamaWawili_Makorora

Ahsanteni sana. Mahindi ninayo, leo leo ataanza. Herufi je? Bibi yake anasisitiza aende shule akiwa tayari anasoma a, be, che. Na simu niifanyeje?

BabaSilabi

Shikamoo ya bibi iwepo, ila hiyo "be" ndiyo inayowachelewesha wengi. Mtoto akijua herufi inaitwa "be", ukimwandikia *ba* atakusomea "bea". *M* akiijua kwa jina la "em", *ma* inakuwa "ema". Mpe mlio: midomo imefungwa, "mmm", kisha anafungua kwenye a: "mmma". Kiswahili kimetupunguzia kazi, kwa sababu vokali ni tano tu, kila moja ina mlio wake, na silabi nyingi mno zinaishia na vokali.

Kata boksi, kadi tano za sentimita 8 kwa 8, andika a e i o u kwa herufi ndogo. Herufi kubwa za mabango ziache, atakazokutana nazo kwenye kurasa ni ndogo. Kwa hizo tano peke yake tayari anasoma *ua* na *oa*. Ongeza m: mama, mimi, ama. Kisha k: kuku, kaka, kaa, mkeka baadaye. Kila konsonanti mpya ikae mpaka aisome bila kukutazama usoni. *B* na *d* usizifundishe jirani, zinapishana kwa upande wa tumbo tu. B ikishakaa ndipo d ifuate wiki kadhaa mbele. *Ng'*, *ny*, *mb* waachie walimu.

MwalimuWaAwali

Nakazia habari ya mlio. Ila kadi asilazimishwe. Akizikataa, cheza kwa mdomo: "Nani kaona kitu kinachoanza na *ma*?" Maji, mafuta, mama, mayai. Asiyesikia mwanzo wa neno kadi haitamsaidia. Vitendawili vya jioni navyo vinafanya kazi hiyo hiyo.

Shangazi_Chumbageni

Simu: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema umri wa miaka miwili hadi minne, skrini isizidi saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora zaidi; mtoto wa mwaka mmoja isiwepo. Mzozo unapungua mkikata kwa kipindi badala ya dakika. "Katuni hii ikiisha, tunazima" anaielewa, "dakika tano" haimwambii kitu. Kisha simu itoweke machoni, na mbele yake kuwe na kitu tayari. Dada akizima halafu ndipo aanze kutafuta beseni, kashashindwa.

Beseni lenyewe: maji ya kina cha kiganja, chupa za nusu lita na moja ya lita moja na nusu (za maji ya kunywa, kamwe si zilizowahi kubeba mafuta ya taa). Atagundua mwenyewe ndogo tatu zinajaza kubwa. Mpe na chungwa. Likiwa na ganda linaelea. Limenye kwa mkono, si kisu, utoe na ile nyeupe yote, urudishe majini: linazama. Ile nyeupe ndiyo imebeba hewa. Ukimenya kwa kisu kama la barabarani, nyeupe inabaki na laweza kukuaibisha kwa kuendelea kuelea. Muulize kabla hujalitia, "Litazama?" Jibu lolote ni sawa, mwache aone.

Dada asinyanyuke hapo hata kwenda kuzima jiko, ni bora awabebe wote wawili. Mtoto mdogo anazama kwenye maji ya sentimita chache, wala hapigi kelele. Mkimaliza, yamwagieni mchicha, msiyaache yakalala na viluwiluwi.

MamaWawili_Makorora

Nimewaelewa. La mwisho: ninayo chumvi ya mawe tu, inafaa kwenye unga?

MwalimuWaAwali

Inafaa, ila iyeyushe kwanza kwenye yale maji vikombe viwili yakiwa ya moto, uchuje mchanga kwa kitambaa, yapoe, ndipo utie unga. Ukiitia ikiwa chenga unga utakwaruza mikono, na akiwa na mchubuko utamwasha, hatautaka tena. Pima kikombe baada ya kuitwanga, chenga zinaacha nafasi katikati na kipimo kinapungua.